Sailensi: Historia ya Skrubu Mbili Katika Mwambao wa Kigoma

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikijadili katiba, bajeti na mambo ya serikali za mitaa. Leo naomba niandike juu ya skrubu mbili ndogo zilizo ubavuni mwa kabureta ya pikipiki. Anayeona kwamba mada hii haistahili mtu mwenye shahada ya uzamivu anisubiri kidogo, kwa sababu nami niliwaza hivyo hivyo hadi siku pikipiki ya shemeji yangu iliponizimikia mara nne kati ya Mwandiga na Ujiji.

Nilikuwa Kigoma wakati wa likizo ya chuo, nikifuatilia habari za reli ya zamani. Kila nilipopunguza mwendo, kwenye tuta au nyuma ya mkokoteni, injini ilikoroma mara mbili tatu kisha ikanyamaza. Nikipiga kiki, inawaka. Nikiachia mkono wa mafuta, inazima. Nilipofika Ujiji nilikuwa nimelowa jasho. Wakanielekeza kwa fundi mmoja chini ya mwembe (si ule wa kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji ina miembe mingi). Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Alinipa shikamoo, akaniuliza kama pikipiki ilikunywa mafuta ya chupa karibuni, kisha akainamisha kichwa akaisikiliza ikinguruma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, bila kugusa kitu. Halafu akasema, "Mwalimu, hii haina sailensi."

Neno hilo linastahili aya yake. Mafundi wetu husema injini "ina sailensi" pale inapoweza kunguruma polepole, kwa utulivu, bila mtu kushika mkono wa mafuta. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ukimya, lakini Mwingereza mwenyewe halitumii hivyo. Yeye ana neno jingine kabisa, linalomaanisha kukaa bila kazi. Mafundi wa Tanzania walitazama jambo lile lile wakaliita ukimya. Mimi naona wao ndio waliotafakari zaidi. Injini iliyo katika sailensi haikai bure: inajiendesha yenyewe na kungoja amri.

Nilipokuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu nikimngoja fundi, nikakumbuka kwamba ziwa lililokuwa mbele yetu lilishawahi kuamuliwa mmiliki wake na injini za petroli, na kwa hiyo na kabureta. Historia ya vita katika Tanganyika huelezwa kwa majina ya meli na makamanda. Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliokuwa wakilitawala ziwa kutoka bandari ya Kigoma. Walikuwa na Kingani na Hedwig von Wissmann, na tarehe 5 Februari mwaka huo waliiteremsha majini Graf von Goetzen, meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa katika reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Zote hizo zilikwenda kwa mvuke. Meli ya mvuke haiondoki bandarini kwa ghafla. Lazima kuni au makaa yawashwe, maji yachemke na shinikizo lipande, na kazi hiyo ni ya saa kadhaa.

Waingereza walileta kitu kingine. Boti mbili za urefu wa takribani meta 12, Mimi na Toutou, zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town mwezi Juni 1915, zikapandishwa treni hadi Katanga, zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikashushwa katika mto Lualaba, na hatimaye zikafika upande wa Kongo wa ziwa, karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Kila boti ilikuwa na injini mbili za petroli zenye nguvu ya farasi 100 kila moja. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Kasi na wepesi wa petroli vilifanya kazi ambayo meli za mvuke hazikuitarajia.

Mwezi Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, kana kwamba walijua kuna siku itahitajika. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi watatu wa Kijerumani waliotoka Papenburg kuja kuiunganisha wanajulikana kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vitabu vingi vinavyosimulia habari hii huwataja. Wahindi na Waafrika waliopigilia ribiti pale Kigoma, mchana wa jua kali, hutajwa kwa wingi wao tu: vibarua, wafanyakazi, wenyeji. Ndivyo historia ya ufundi katika nchi yetu ilivyoandikwa. Chombo kina jina, mwenye chombo ana jina, na mkono uliokifunga hauna.

Niruhusuni niivuke haraka miaka mingi. Reli na ziwa vilizalisha tabaka la mafundi Kigoma: wa karakana za reli, wa bandari, na baadaye wa mashine za boti za uvuvi. Miaka ya 1970 na 1980, vipuri vilipoadimika nchi nzima na petroli ikawa ya foleni, fundi aliyeweza kuokoa kabureta kuukuu kwa kitambaa na pumzi ya mdomo alikuwa mtu muhimu kuliko afisa mwenye muhuri. Vijana wengi wa leo walirithi kazi kwa wajomba waliofundishwa na uhaba huo. Fundi wangu wa Ujiji aliniambia kwamba alianza kwa mjomba wake Kibirizi, kwenye boti za dagaa, ambako mashine ikikosa sailensi usiku wa manane katikati ya ziwa hakuna wa kukusukuma.

Pikipiki yenyewe ina nasaba yake. Kabureta ya kunyunyiza mafuta, yenye bakuli la floti na pua nyembamba, ilibuniwa na Wilhelm Maybach mnamo 1893, na kanuni yake haijabadilika: hewa ikipita kwa kasi katika njia iliyobanwa, shinikizo hushuka, na mafuta yakafyonzwa na kusagwa kuwa ukungu. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa modeli ya CG125, ikiwa imeikusudia nchi ambazo pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Wahandisi wake waliona kwamba injini yenye kemshafti ya juu ilikuwa ikiharibika mapema kwa kukosa matunzo, basi wakarudi kwenye muundo wa zamani wa fimbo za kusukuma valvu. Ni unyenyekevu wa kihandisi ninaoupenda. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na nakala zake, kwa majina kama SanLG, ndizo zilizojaa katika vijiwe vyetu kabla Boxer na TVS za India hazijashika soko. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji chini ya SUMATRA, na biashara ambayo tayari ilikuwa imeenea barabarani ikatambuliwa kisheria. Ikumbukwe kwamba kanuni hizo zilimtambua dereva na chombo. Fundi hakuwemo.

Sasa turudi chini ya mwembe.

Jambo la kwanza alilofanya kijana yule ni kutogusa skrubu yoyote. Aliiacha injini iwake dakika kadhaa hadi ipate moto, kwa sababu sailensi iliyowekwa injini ikiwa baridi hudanganya. Akafungua chujio la hewa, akalipiga-piga kwenye goti, vumbi jekundu la Mwandiga likamwagika. Akatoa plagi: ncha yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Plagi nyeusi yenye masizi mamaina hueleza kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, hewa ni nyingi na injini inaungua. Rangi ya kahawia iliyofifia ndiyo inayotakiwa. Akachezesha usukani kushoto na kulia huku injini ikinguruma, akitazama kama mngurumo unabadilika, maana waya wa mafuta uliobana hufanana kabisa na ugonjwa wa kabureta. Akapima uwazi wa valvu. Ndipo akafungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta akakinga kwenye kifuniko cha chupa. Chini ya petroli kulikuwa na tone la maji, linazunguka kama lulu, na punje za kutu.

"Chupa," akasema. Shemeji yangu alikuwa amenunua mafuta ya chupa ya maji njiani kutoka Kasulu.

Aliishusha kabureta, akaifungua, akaiosha kwa petroli safi. Katika kabureta kuna njia mbili za mafuta zinazohusika hapa. Moja ni kubwa, yenye sindano inayopanda na kushuka pamoja na mkono wa mafuta. Hiyo ndiyo ya mwendo. Nyingine ni nyembamba mno, ina jeti yenye tundu ambalo unywele huweza kulijaza, na hiyo ndiyo inayolisha injini inapokuwa katika sailensi. Uchafu kidogo ukiingia humo, pikipiki itakimbia vizuri barabarani na kuzimika kila unaposimama. Nilimwona fundi wa jirani akizibua tundu kama hilo kwa waya wa chuma. Kijana wangu akanong'ona kwamba yule anawatafutia wenzake kazi, kwa maana waya hupanua tundu, na tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta siku zote. Yeye alitumia upepo wa pampu ya baiskeli.

Baada ya kuirudisha na kuipasha tena moto, zikaja skrubu mbili. Ya kwanza, iliyo kubwa kidogo, huinua au kushusha vali ya kabureta inapokuwa imejifunga. Hiyo hupandisha na kushusha mngurumo wenyewe. Ya pili huamua uwiano wa hewa na mafuta katika ile njia nyembamba. Fundi aliifunga ya pili taratibu hadi ikagota, bila kuikaza, kwa sababu ncha yake ni sindano na ikikazwa huharibu kiti chake. Kisha akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Akawasha. Akaizungusha robo kwa robo, huku na huku, akisubiri kila mara sekunde chache injini ijibu. Mngurumo ulipopanda hadi kilele chake na kuwa wa mfululizo, akaishia hapo. Kisha akarudi kwenye skrubu ya kwanza akaushusha mngurumo ule. Akarudia tena zote mbili. Akaivuta mafuta kwa ghafla na kuachia: ikapanda na kushuka papo hapo, bila kukawia hewani, bila kukohoa.

Kwa injini za jamaa ya CG125, kiwango ni mizunguko ipatayo 1,400 kwa dakika. Pikipiki ile haikuwa na kipimo cha mizunguko. Alitumia sikio.

Nilimuuliza jambo moja ambalo lilinishinda kulielewa: skrubu ya pili ukiifunga, mafuta yanaongezeka au yanapungua? Alicheka. Inategemea ilipo. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inatawala hewa, basi kuifunga ni kuongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini, inatawala mchanganyiko wenyewe, basi kuifunga ni kupunguza mafuta. Kanuni hiyo imo katika vitabu vya uhandisi. Yeye hakuisoma, aliigundua kwa kukosea, na wateja walilipia makosa hayo, jambo alilokiri bila haya.

Kisha akanieleza lile la milima. Ziwa Tanganyika liko takribani meta 770 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kwenda Kasulu unaongeza meta zipatazo 500, na hewa hupoteza karibu asilimia moja ya uzito wake kwa kila meta 100. Kabureta haijui kwamba umepanda. Inaendelea kutoa mafuta karibu kama ilivyotoa kando ya ziwa, huku hewa ikiwa imepungua, basi mchanganyiko unakuwa mzito. Kwa pikipiki iliyorekebishwa vizuri tofauti hiyo ni ndogo, hutaiona. Kwa pikipiki ambayo tayari ina mafuta mengi, mlima unaiongezea masizi. Kwa hiyo madereva wa njia ya Kasulu aliwawekea skrubu tofauti kidogo na madereva wa Bangwe na Katonga wanaozunguka pembezoni mwa maji. Mhandisi angeliita jambo hili marekebisho ya mwinuko. Yeye aliliita "ya mlimani" na "ya ziwani".

Hapa ndipo siasa inapoingia, kwa wale waliokuwa wakiisubiri.

Vijana wengi wa bodaboda hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Ama wanapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, ama wako katika mkataba, wanalipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Katika mipango yote miwili hesabu haibadiliki, na mafuta ni juu ya dereva. Kabureta iliyotajirishwa kupita kiasi haimpunguzii bosi hata shilingi moja. Inamla kijana, kijiko kwa kijiko, na kwa sababu hailii wala haivunjiki, halalamiki. Anajua tu kwamba siku hizi fedha haikai. Tena dereva anayeogopa pikipiki kuzimika huipandisha sailensi juu sana ili iwe salama, na chombo chenye sailensi ya juu hukuvuta mbele hata unapotaka kusimama. Nimesoma taarifa nyingi za serikali na za mashirika kuhusu ajali za bodaboda. Zinazungumza juu ya kofia, mishikaki, ulevi na leseni, na ni kweli. Sikumbuki iliyozungumzia ubora wa matengenezo kwa zaidi ya sentensi mbili.

Sera nazo hufika hadi kwenye jeti. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kukomesha uchakachuaji, na katika bajeti ya 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili wafanyabiashara wasiwe na faida ya kuyachanganya. Kwa injini hatua hiyo ilikuwa na mantiki: mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli, huacha masizi na kufanya uwashaji kuwa mgumu. Lakini aliyelipa zaidi alikuwa bibi wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hakuwahi kuchakachua kitu. Niliipinga wakati ule na bado naipinga namna ilivyofanywa. Nayo chupa ya barabarani haikuguswa, kwa sababu chupa inauzwa pale ambapo kituo cha mafuta hakipo. Kituo kikiwa mbali, maji na kutu vitaendelea kuzunguka katika mabakuli ya kabureta za vijiji vya Kigoma hata tukiongeza vinasaba mara kumi.

Wengine wataniambia kwamba ninaandika tanzia ya kitu kinachokufa. Huenda. Nchini India kanuni za moshi zinazoitwa BS-VI, zilizoanza tarehe 1 Aprili 2020, zimewafanya watengenezaji wengi waiache kabureta na kutumia mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta. Kigali, mwendo wa saa chache kutoka mpaka wetu, pikipiki za umeme zinabadilishwa betri vituoni, na hizo hazina sailensi ya kurekebisha, zikisimama zimesimama. Sizipingi. Hewa ya miji yetu inazihitaji. Ninachouliza ni kwamba teknolojia hiyo ikifika Ujiji, itamkuta fundi huyu katika daftari gani. Mfumo wa kompyuta unahitaji kifaa cha kusomea hitilafu, na kifaa hicho huwa mali ya wakala. Sikio lililofunzwa miaka kumi halina mahali pa kuchomekwa.

VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa anachokijua na kupewa cheti, pasipo kuanzia ubaoni. Ni moja ya mambo mazuri ambayo taifa hili linayo, na watumishi wa halmashauri wanaonisoma nawaomba walichukulie kwa uzito linalostahili, wawafuate mafundi mitaani badala ya kubandika tangazo ofisini. Nilimuuliza kijana kama ana cheti hicho. Alinijibu kwamba amewahi kusikia habari zake, ila siku ya kwenda kuuliza ni siku ya kukosa wateja. Cheti pekee alichonacho, alisema, ni kwamba waliomletea pikipiki mwaka juzi bado wanaleta.

Wanafunzi wangu wa historia huwa wananiuliza wafanye utafiti juu ya nini ikiwa nyaraka zote zimo Berlin, London na Brussels. Jibu langu tangu safari ile limebadilika. Wapo Kibirizi na Ujiji wazee waliofunga na kufungua mashine za ziwa hili katika miaka ya uhaba, na kila mwaka tunazika baadhi yao. Nendeni na daftari. Ulizeni nani alimfundisha nani, walipata wapi gasketi wakati gasketi hazipo, waliziitaje sehemu ambazo hazikuwa na jina la Kiswahili. Andikeni majina yao, kwa idhini yao, kwa herufi zilizonyooka.

Malipo aliyonitajia yalikuwa madogo kuliko chai tunayonunuliwa katika semina ya saa mbili. Nilimwongezea, akakataa, kisha akakubali kwa ajili ya pampu, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umechakaa. Akamwita dogo aliyekuwa akiosha tairi, akamwonyesha lile tone la maji ndani ya kifuniko cha chupa kabla ya kulimwaga.

Nikaondoka kuelekea mjini. Karibu na soko la Mwanga lori la muhogo lilikuwa likirudi nyuma na kuziba njia yote. Nikasimama, nikaachia mkono wa mafuta, nikaweka mguu chini. Lori lilichukua muda mrefu. Pikipiki ikaendelea kunguruma.